Namba Inayomkataa wa Kumi na Saba

Watu hustaafu wakiwa na miaka sitini, mvi kichwani na hotuba mfukoni. Mimi nimestaafu nikiwa na ishirini na tisa. Mkataba wangu wa miaka minne katika ofisi yetu ndogo ya mirathi hapa Konde umekwisha wiki iliyopita, nimekabidhi funguo, na nimeambiwa kuwa nyinyi vijana wawili mtaingia mwezi ujao kukaa nilipokuwa nikikaa mimi. Hakuna aliyeniomba niwaandikie. Lakini nimeshinda siku tatu nikifikiria mtakachokikuta na mtakachokikosa, kwa hiyo naandika, angalau wasiwasi huu uhamie kwenye karatasi.

Mshahara siuzungumzii. Cheo sikupandishwa, kwa sababu ofisi ilikuwa na viti viwili tu na kimoja kilikuwa na mguu mbovu. Nitawaeleza habari ya namba moja, ya mzee aliyenipa, na ya siku niliyoitumia vibaya.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro robo, na ofisi inafunguliwa saa mbili. Nikazunguka soko ili watu wasijue kuwa nasubiri. Mzunguko wa nne, muuza ndizi akaniita: "Dada, umedondosha nini? Tukusaidie kutafuta."

Mzee Faki alifika saa mbili kamili. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za mirathi za upande wetu wa kaskazini tangu mimi sijazaliwa. Mwembamba, kofia imenyooka, miwani imefungwa uzi mweusi mahali palipovunjika skurubu. Akanisalimu, akanionesha kiti chenye mguu mbovu, akaniuliza:

"Wameniambia umesoma hesabu."

"Ndiyo, Mzee. Shahada."

"Basi nipe namba yoyote ya tarakimu tatu."

Nikajua ni mtihani. Nikaanza kupima namba ipi itanionesha kuwa nina akili bila kunionesha kuwa najionesha. Mzee Faki akasubiri, akafuta miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, nimekuomba namba, sikukuomba mume."

Nikasema mia tatu sitini na tano.

"Iandike mara mbili, bega kwa bega."

Nikaandika 365365. Akaniambia nigawe kwa saba. Nikapata 52195, hakuna kilichobaki. Jibu hilo niligawe kwa kumi na moja. Nikapata 4745. Hilo nalo kwa kumi na tatu. Nikapata 365, ileile niliyoanza nayo. Alikuwa ameinua nyusi, ananingoja. Nami, kwa kuogopa kuonekana sijui, nikamwambia haraka haraka kuwa kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu, kwa hiyo ni lazima iwe hivyo.

Nyusi zikashuka. "Sawa kabisa," akasema. "Ila siku nyingine muache mtu acheke kwanza."

Lile ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kazini, na nimechukua miaka mitatu kulielewa. Mzee Faki hakuutumia mchezo ule kupima wasomi. Aliutumia kwa wateja. Ndugu wakiingia ofisini kila mmoja akitazama ukuta wake, aliwaomba namba, akampa mmoja kalamu na mwingine kikokotoo, na mpaka wafike kwenye kumi na tatu walikuwa wameinama juu ya karatasi moja.

Kwa asiyeijua kazi yetu: sisi hatukati hukumu, hukumu ni ya kadhi. Sisi tunapiga hesabu. Mtu akifariki, kila mrithi ana fungu lake lililokwisha kupangwa: nusu, robo, thumuni yaani moja ya nane, theluthi, sudusi yaani moja ya sita. Watoto wakirithi pamoja, mtoto wa kiume ana hisa mbili na wa kike moja. Tabu ni kutafuta namba moja ya kuanzia ambayo mafungu yote yatatoka humo mazima. Maana hakuna binadamu anayekubali kuambiwa kuwa amerithi hisa tatu na nukta sita. Atauliza hiyo nukta ni shina la mkarafuu au ni kivuli chake.

Saa nne ya siku ileile Mzee Faki akafunua jalada la daftari kubwa la ofisi. Ndani ya jalada, kwa wino uliokwisha kufifia, palikuwa na namba moja: 720720.

"Hii ni ya wakati wa haraka," akasema. "Hii haimrudishi mtu. Jaribu."

Nikajaribu. Niligawa kwa mbili, nikapata 360360. Kwa tatu, 240240. Kwa nne, 180180. Kwa tano, 144144. Kwa sita, 120120. Majibu yenyewe yalikuwa yakijirudia kama mama yao. Kwa saba haikubaki kitu, kwa nane haikubaki, kwa tisa ikaja 80080, kwa kumi na mbili 60060, kwa kumi na tano 48048, kwa kumi na sita 45045. Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Baadaye nilikuja kuhakikisha mwenyewe kuwa hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawika kwa zote kuanzia moja mpaka kumi na sita, na kuwa zinazoigawa jumla yake ni mia mbili na arobaini. Nikaona pia kuwa ukizidisha saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, ukamruka kumi na mbili, ukamalizia na kumi na tatu, unaipata hiyohiyo. Nilimwambia Mzee Faki jambo hili kwa furaha kubwa. Naye akasema: "Na kumi na mbili aliyerukwa amepata sitini elfu na sitini. Hapo ndipo ninapoipendea. Hata asiyeitwa jina anapata fungu."

Siku ile ya kwanza lakini nilimuuliza swali moja tu. "Na kumi na saba, Mzee?"

"Huyo hana mlango hapo. Zinabaki tano. Akija wa kumi na saba, usimlete kuno. Anza naye yeye."

Nikaandika katika kijitabu changu: *720720 haigawiki kwa 17, salio 5.* Nikapigia mstari mwekundu kwa rula. Nililiandika kama sifa ya namba, mahali pamoja na zile zinazoigawa mia mbili na arobaini. Kwamba nilikuwa nimeambiwa namna ya kufanya kazi, hilo halikunipita akilini.

Nilifanya kazi na Mzee Faki miaka miwili na miezi kadhaa. Alinifundisha kuchonga penseli kwa wembe, kwa sababu penseli ya mashine huvunjika ncha mbele ya mjane na mjane huona ni mkosi. Alinifundisha kutaja jina la marehemu kila baada ya ukurasa, ili watu wakumbuke kuwa tunazungumza habari ya mtu. Alinifundisha kuanza kusoma mafungu kwa mdogo kabisa wa familia, kwa kuwa mkubwa ameshazoea kusikilizwa. Mimi nilimfundisha kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu. Sidhani kama tulilipana sawa.

Macho yalipomshinda akarudi kwao Micheweni, na ofisi ikabaki na mimi na kompyuta. Hapo ndipo wasiwasi wangu ukapata nafasi. Niliogopa kukosea kwa mkono, kwa hiyo nikatengeneza jedwali. Unaingiza idadi ya watoto wa kiume na wa kike, mume au wake, wazazi, na jedwali linakutolea hisa za kila mmoja. Namba ya kuanzia niliiweka moja kwa wote, 720720, kwa heshima ya Mzee na kwa sababu niliipenda. Na kwa kuwa watu hawataki nukta, nikaliamuru jedwali lisioneshe nukta. Nililihakiki kwa familia za watoto watatu, watano, wanane. Nikalihakiki tena siku za Jumapili. Miezi saba lilikwenda bila kosa.

Ndipo akaja Bi Mwanakombo wa Msuka.

Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mwani, mikono imepasuka kwa chumvi. Baba yao alifariki miaka kumi na moja iliyopita, mama alikuwa ametangulia, wakabaki watoto kumi: wanaume saba na wanawake watatu. Kulikuwa na shamba moja refu linaloshuka mpaka pwani, na ndani yake nyumba ya baba, ambamo Bi Mwanakombo alikuwa akiishi na wanawe. Shamba halijagawiwa. Na nyumba ilikuwa inavuja.

"Bati ninazo," akaniambia. "Nimezinunua mwaka juzi, zimeegemea ukuta. Lakini nikipiga msumari mmoja tu, kaka Khatibu anasema najijengea kwenye mali ya watu. Nisipopiga, mvua inanikuta kitandani. Nigawieni tu. Hata nikipata pa kuku, nijue ni pangu."

Kaka Khatibu ndiye mkubwa wao, mwenye duka la vitambaa. Mara mbili ndugu walikutana kugawa, mara mbili walivunjika. Safari hii alikubali kwa sharti moja, na alilituma kwa maneno mpaka ofisini kwangu: atakuja, atakaa, lakini likizuka neno moja, hatakuja tena maishani mwake.

Niliingiza saba na tatu kwenye jedwali. Likatoa majibu. Nikayachapa nakala kumi na moja, nikazipanga kwenye bahasha, nikaangalia bahasha mara tatu kama majina yameandikwa vizuri. Namba zenyewe sikuzitazama. Mtu akiwa na hofu nyingi hukagua mlango na kusahau dirisha.

Tulikutana asubuhi katika ukumbi wa nyumba ile, mimi na wao kumi, tumekaa mkekani. Juu yetu paa la makuti lilikuwa na matundu, na vidoa vya jua vimetapakaa juu ya mabega ya watu. Pembeni, zile bati zimeegemea ukuta, bado zina karatasi ya dukani. Nikalitaja jina la marehemu. Nikaanza na mdogo kabisa, kama nilivyofundishwa, na mdogo kabisa alikuwa Bi Mwanakombo mwenyewe.

"Hisa zote ni laki saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini. Kila mtoto wa kike, hisa arobaini na mbili elfu, mia tatu tisini na tano. Kila mtoto wa kiume, themanini na nne elfu, mia saba tisini na moja."

Bi Mwanakombo akasema, "Binti, hebu rudia hapo kwa wanaume."

Nikarudia.

"Mwanamume ni wanawake wawili," akasema. "Hilo silibishi, ameshalipanga anayepanga. Lakini mie kila bamvua, maji yakitoka mbali, nahesabu kamba za mwani, hesabu hainipigi chenga. Yangu mara mbili ni mia saba na tisini. Wao umewapa tisini na moja. Hino moja umeitoa wapi?"

Nikaitazama karatasi. "Ni mashine, Bi. Imejazia nukta."

"Kwetu haikujazia?"

"Hapana."

"Basi mashine hiyo ni mwanamume."

Dada zake wakacheka, lakini kaka Khatibu alikuwa ameshatoa simu. Akajumlisha taratibu, kidole kimoja, akitaja kila namba. Alipomaliza akaigeuza simu ili wote waone.

"Laki saba na ishirini elfu, mia saba ishirini na mbili. Baba kaacha mia saba na ishirini. Hizi mbili kaacha nani?"

"Labda tuna ndugu hatumjui," akasema mmoja wa wale wadogo, na hakuna aliyecheka.

Khatibu akasimama. "Nilisema mie. Neno moja tu. Ofisi yenyewe haijui alichoacha baba, siye tutajuaje? Tumekaa miaka kumi na moja, tutakaa mingine." Akaenda mlangoni, akaanza kutafuta viatu vyake katika rundo la viatu vya ndugu zake.

Bi Mwanakombo alizitazama zile bati.

Mimi ni mtu wa kufikiria mambo mengi kwa pamoja, na wakati ule niliyafikiria yote: barua ya kuacha kazi, maneno ya kumwambia mama yangu, kama nakala kumi na moja zinaweza kuchomwa bila kutoa moshi mwingi. Katikati ya fujo hiyo nikahesabu vichwa. Wanaume saba, mara mbili, kumi na nne. Wanawake watatu. Kumi na saba. Nikauona ule mstari mwekundu niliopiga kwa rula, na nikamsikia Mzee Faki: usimlete kuno, anza naye yeye.

"Kaka Khatibu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nipe nafasi ya kuhesabu mpaka kumi na saba tu."

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Akanitazama.

"Ukifika kumi na nane naondoka."

Nikamuomba Bi Mwanakombo vitu kumi na saba vinavyofanana, vyovyote. Akaingia ndani, akatoka na kifungu cha vijiti, vile vya kuchomeka baharini kufungia kamba za mwani. Akahesabu kumi na saba, vilivyobaki akavirudisha ndani. Nikaviweka katikati ya mkeka.

"Hili ndilo shamba lote," nikasema. "Kumi na saba. Hakuna laki, hakuna elfu. Kila mwanamume achukue viwili, kila mwanamke kimoja."

Wakachukua. Nilihesabu kwa sauti, na baada ya kama sita wakaanza kuhesabu pamoja nami. Kumi. Kumi na mbili. Ndugu wa sita, aliyekwisha kuchukua vyake, akaokota vingine viwili, akampelekea Khatibu pale mlangoni, akamtilia mkononi. Kumi na nne. Dada mkubwa, kumi na tano. Dada wa pili, kumi na sita. Kikabaki kimoja mkekani, na Bi Mwanakombo akakiokota.

"Kumi na saba," wakasema wote.

Mkeka ulikuwa mtupu. Khatibu alivitazama vijiti vyake viwili, akavilinganisha urefu, akamtazama mdogo wake na kile kimoja chake.

"Hivi tu?"

"Hivi tu, kaka."

"Sasa zile laki saba zote zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa za kwangu," nikasema.

Safari hii niliwaacha wacheke kwanza. Walicheka sana, hata Khatibu, na ni vigumu mtu kuondoka kwa hasira akiwa anacheka na kiatu kimoja mguuni. Akakivua. Akarudi kukaa.

Mchana ule tulilipima shamba kwa kamba ya mwani, vipande kumi na saba vilivyolingana, na kila mpaka Bi Mwanakombo akachomeka kijiti kutoka kile kifungu cha ndani. Kipande chenye nyumba walikubaliana kiwe chake, na aliyelisema hilo kwa mdomo wake alikuwa Khatibu, kwa sauti ya mtu anayelalamika. Tukapeleka karatasi mpya kwa kadhi, zenye namba moja, mbili na kumi na saba.

Nilirudi ofisini nikafungua majalada yote ya miezi saba na kuyapiga upya kwa mkono. Yalikuwa sahihi yote. Hilo lilinifurahisha, na pia lilinikera kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kuomba radhi.

Jumamosi nikaenda Micheweni kwa Mzee Faki kukiri. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Nilikwambia siku ya kwanza," akasema.

"Nilidhani ni sifa tu ya namba, Mzee."

"Ni sifa ya namba. Wewe ulidhani sifa ni pambo?"

Nilikuwa nimemletea zawadi. Nikamuonesha kijitabu: 12252240. Ndiyo 720720 mara kumi na saba. Nikamueleza kuwa hii inamkubali kila mtu mpaka wa kumi na saba, na kuwa wa kumi na nane anaingia bure, hata hatukumuongezea kitu, kwa sababu mbili na tisa zake zilikuwemo ndani tangu zamani. Nikamuomba ruhusa niiandike kwenye jalada la daftari, chini ya ile yake.

Akaivaa miwani. Akaisogeza karatasi karibu na pua. Nadhani aliipenda kweli, maana aliisoma tarakimu moja moja kama mtu anayesoma majina ya wajukuu.

"Nzuri," akasema. "Na wa kumi na tisa?"

Nikakifunga kijitabu.

"Kunywa chai, mwanangu."

Sikuiandika. Kwenye jalada mtaikuta ile ya Mzee Faki peke yake, na jedwali la kompyuta mtaliona lina kisanduku chekundu juu: *Hesabu vichwa kwanza.* Namba ipendeni, ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma chuo kikuu. Wapeni ndugu waliokasirika waichezee. Ila msimuingize mtu humo kwa sababu tu mnaipenda.

Siku yangu ya mwisho Bi Mwanakombo alikuja ofisini. Nilidhani kuna mgogoro, nikaanza kutafuta jalada lake. Akaniambia niache, hana shida, paa halivuji. Akafungua fundo la kanga, akatoa kijiti.

"Hichi ndicho changu cha siku ile. Nilikiweka juu ya kabati. Sasa nimeona, mie kipande changu ninakikalia, kijiti cha nini tena? Kaa nacho wewe, usije ukamsahau mtu mwingine."

Nimekifikiria sana hicho kijiti, kama nikichukue au nikiache. Nimekiacha. Kipo kwenye mtoto wa meza, upande wa kulia, nyuma ya wembe wa penseli. Msidhani ni takataka. Siku vichwa vikifika kumi na saba, kitoeni, kiwekeni mezani mbele ya watu, na muanze kuhesabu nacho.